Kahawa ya Kamanda Yatafuta wa Kuipika

Kwao walilima kahawa na kunywa chai, na hakuna aliyeona ajabu. Buni ilichumwa, ikamenywa, ikaanikwa, ikatiwa magunia, gari la ushirika likaja kuichukua. Basi. Huko ilikokwenda ilikuwa kama binti aliyeolewa mbali: unajua yupo, hujui anakula nini.

Mjane mmoja wa huko, ambaye majirani walimwita Kamanda kwa sababu hata mbuzi wake walitembea kwa mstari, alizeeka bila kuonja tone la kahawa yake. Hakuwa na haja. Haja ilimjia asubuhi ile kitindamimba wake aliposimama mlangoni, jembe begani.

"Mama, mibuni ya marehemu baba naing'oa. Nataka kupanda nyanya."

"Imekosa nini?"

"Haina maana tena."

"Wewe umeionja?"

Kijana akakohoa. "Mama, hata wewe hujaionja."

Neno hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa la kweli. "Basi nakwenda mjini kwa dadako," akasema. "Nitainywa huko inakonyweka. Ikiwa ovyo, nitarudi nikushikie jembe mwenyewe. Ikiwa nzuri, nyanya utakutana nazo sokoni. Mpaka nipige simu, usiguse mti."

Akafunga buni kavu kwenye kitambaa, akaishindilia kikapuni chini ya nguo zake za ndani, mahali ambapo mwizi mwenye adabu hatii mkono.

Binti yake alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na siku hizo alikuwa likizo. Alitafuta maduka ya kahawa kwenye simu.

"Mama, hili lina nyota nne na nusu."

"Nani kazitoa?"

"Watu tu, wanaokwenda kunywa."

"Na hiyo nusu waliikata kwa kosa gani?"

"Mmoja kasema viti ni vigumu."

Kamanda akaona hao si mashahidi, lakini akavaa viatu.

Duka la kwanza lilikuwa na maua yaning'iniayo darini. Aliletewa kikombe kilichochorwa jani juu ya povu. Akalitazama jani, akalinywa. "Maziwa," akasema. "Ng'ombe ninaye nyumbani." Alipofungua kitambaa chake, msichana wa kaunta akamwambia kwa upole kwamba hawapiki kahawa ya mteja.

La pili walimpa nyeusi. Akatia sukari, akaongeza, akaongeza tena, hata binti yake akageukia dirishani. Bado ilikuwa na ladha ya jivu.

"Hii imeungua," akamwambia mhudumu.

"Ndivyo tunavyoipika hapa, mama."

"Na hii yangu mtanipikia?"

"Meneja hayupo."

"Angekuwepo?"

"Angekataa."

La tatu halikuwa na nyota hata moja. Dereva wa gari la wagonjwa ndiye aliyemwelekeza binti: nyuma ya duka la matairi, mlango wa kijani. Ndani kulikuwa na stuli chache, mashine ya kukaangia isiyozidi ukubwa wa sufuria ya wageni, na mwanamume mwenye ndevu aliyekuwa akipima kahawa kwenye mizani kama dawa ya mtoto mchanga.

"Huyu angefaa wodini," binti akanong'ona.

Kamanda akafungua kitambaa. Mwenye ndevu akachukua buni moja, akainusa, akaiuma.

"Umeipata wapi hii, mama?"

"Nimeizaa."

Akaitazama tena, kisha akamtazama mwenyewe. "Nitaikoboa na kuikaanga leo. Njoo kesho kutwa."

"Kwa nini si sasa?"

"Ikitoka motoni lazima ipumzike."

"Ipumzike imefanya nini? Mimi niliyeipalilia sijapumzika bado."

Hata hivyo alirudi siku aliyoambiwa, amevaa gauni la harusini. Mwenye ndevu akaisaga kahawa, akaimwagia maji ya moto polepole kwenye karatasi ya kuchujia, akamwekea kikombe mbele.

"Sukari?" Kamanda akauliza.

"Ipo, haikimbii. Onja kwanza."

Akaonja. Ilikuwa kali, ikamchachukia ulimini. Akakiweka kikombe chini, na jembe la mwanawe akaliona waziwazi, likipanda na kushuka. Lakini hakulelewa kubakiza, kwa hiyo baada ya muda akakishika tena, kahawa ikiwa imepoa.

Safari hii hakumeza haraka. Ladha hiyo aliijua. Ilikuwa ganda la buni iliyoiva, lile alilokuwa akifyonza utotoni nyuma ya mama yake, kikapu kiunoni, akigombezwa, "Temea huko, unafyonza mali!"

"Mama, unalia?"

"Mvuke huo."

"Mbona imeshapoa?"

"Basi ni matairi ya jirani."

Mwenye ndevu naye akaonja, akaonja tena. "Nzuri sana. Mwishoni ina udongo kidogo. Mnaanika chini?"

"Kwenye mikeka."

"Ianikeni juu ya vichanja, udongo utaondoka."

Mikeka ile aliisuka mwenyewe. Akameza tusi pamoja na kahawa, akaomba simu ya binti yake.

"Mama!" kitindamimba akaitika. "Niingie shambani?"

"Ingia. Jembe liache nyumbani, chukua nyundo."

"Nyundo ya nini?"

"Ya vichanja. Kahawa ya babako hailali chini tena."

"Na nyanya zangu?"

"Panda mbili tatu karibu na jiko."

Akamrudishia binti simu, kisha akamsukumia mwenye ndevu kikombe aongezwe. Ile sukari hakuiulizia tena.