Rimoti Iliyoruka Hatua Mbili

Jumatano ya mwisho ya mwezi wa nne mwaka huu, maji ya mto yaliingia nyumbani kwetu Ifakara tukapoteza kompyuta. Vilikwenda na vitu vingine, magodoro, kuku, mpunga uliokuwa chini, lakini hivyo majirani wote walivipoteza na sina cha kukueleza zaidi. Kompyuta ndiyo iliyobeba filamu fupi ya mama yangu. Hakuna picha yake nyingine inayotembea, wala sauti yake mahali pengine.

Nilipofika kutoka Mang'ula ninakoishi, nilikuta baba ameianika uani juu ya mkeka, pembeni ya mpunga, kasha limefunguliwa, naye anaigeuza upande huu na ule kama anageuza samaki. Tuliianika siku tano. Fundi wa mjini alipochomoa diski, yalitoka maji ya rangi ya chai. Alisema pole. Nikarudi nyumbani nimeipakia kwenye baiskeli, na njia nzima nilikuwa namfikiria bibi.

Mama alifariki nikiwa sijaanza kusema vizuri. Aliyenilea ni bibi, mama yake mama. Alipopata kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala, baba alimchukua aje kukaa kwetu. Watu walishangaa, mwanamume kukaa nyumba moja na mama mkwe. Baba aliwaambia hana mama mwingine.

Kama ulikulia bonde hili unajua nyumba zetu zinavyokuwa msimu wa mpunga. Wakubwa wanahamia mashambani, wanaishi huko wakiamia ndege wasile mpunga na kuvuna, mjini wanabaki wanafunzi na wasiojiweza. Baba alivuka kwa pantoni mwezi wa tatu na kuonekana mara mojamoja, miguu imepasuka, amebeba kambale wa kukaushwa. Nyumbani tulibaki mimi na bibi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Asubuhi nilichota maji, nikamwogesha, nikamsonga nywele, nikapika uji, nikaenda shule. Nikirudi nilimkuta alipo, anatazama mlango.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa sekondari. Ndiye aliyemhurumia bibi kwa kutazama mlango. Alichukua kompyuta ya zamani iliyotupwa shuleni, akaitengeneza, akaiunganisha na televisheni yetu ndogo. Haikutumia mfumo uliozoeleka mjini, ilitumia Linux, ambao mwalimu aliusifia kama mtu anavyosifia ng'ombe wake: ni wa bure, haushiki virusi, hauzeeki. Akajaza humo kwaya, ibada, michezo ya kuigiza, na ile filamu ya mama, ambayo yeye mwenyewe aliipiga zamani kwa kamera ya kuazima, siku ya kutwanga pepeta, ule mpunga mbichi unaokaangwa na kupondwa, nyumbani kwa bibi. Wiki kadhaa baadaye akarudi, akachomeka kwa mbele kijisanduku chenye jicho jeusi, akampa bibi rimoti mkono wa kushoto.

"Bonyeza, mama," alimwambia. "Wewe ndiye mkurugenzi."

"Mkurugenzi hana meno," bibi alisema. Maneno yake yalikuwa yanatoka upande mmoja wa mdomo, lakini utani haukupooza.

Huwezi kujua furaha ile kama hujawahi kukaa mwaka mzima ukisubiri mtu akugeuze. Alipandisha sauti, akaishusha, akasimamisha kwaya katikati ya wimbo, akaiachia. Mwalimu alipoondoka aliniita karibu. Wajukuu wa kike huku kwetu huitwa wake wenza na bibi zao, kwa utani wa kugombania babu. "Mke mwenzangu," alisema, "hii rimoti haina uso wa kununa."

Alikuwa anasema ukweli. Kabla ya hapo mimi ndiye niliyembonyezea kwa kibodi, na alipotaka filamu ya mama nilinuna. Nikukirie na sababu yake. Ile filamu ilipoanza, bibi hakutazama televisheni. Alinitazama mimi. Alitaka kuona kama nitalia, au nitacheka, au nitamjua. Nami nilimwona mwanamke mwembamba amefunga kitenge, anajificha uso kwa ungo na kusema, "Mwalimu, acha bwana, nina vumbi," na sikusikia kitu chochote moyoni. Ilikuwa kama kutazama mke wa jirani. Niliona haya, mtoto asiyemjua mama yake. Kwa hiyo ilipofika pale pa ungo niliizima, nikasema umeme utakatika, au uji unaungua. Sikuwahi kuiacha ifike mwisho. Bibi alikuwa mtu wa kusoma nyuso, akaacha kuomba. Rimoti ilipokuja aliitazama filamu mwenyewe nikiwa shuleni.

Mwishoni mwa mwezi wa tano mwalimu alikuja kuongeza programu mpya kwenye kompyuta, na kesho yake akaondoka kwenda kwenye mpunga wake Malinyi, maana shule zilikuwa zinafungwa. Siku hiyohiyo rimoti ikaharibika. Haikufa. Ilifanya kitu cha ajabu zaidi: ukibonyeza mara moja, iliruka hatua mbili. Filamu ya mama ilikuwa ya pili kwenye orodha. Bibi alibonyeza kushuka, alama ikatoka ya kwanza ikatua ya tatu. Akabonyeza kupanda, ikatoka ya tatu ikarudi ya kwanza. Nikimwekea mimi alama pale pa pili, akibonyeza kitufe cha kufungua, picha ilifunguka na kusimama hapohapo, imeganda, kwa sababu kufungua na kusimamisha ni kitufe kimoja. Akibonyeza tena, inaondoka na kuganda. Alikaa asubuhi nzima hivyo, uso wa mama umeganda nusu nyuma ya ungo. Hakuniomba nimbonyezee kwa kibodi, nami sikujitolea.

"Betri," bibi alisema. Nikazianika juani juu ya bati, kama tulivyofanya kwa betri za tochi na redio. Hazikusaidia. Nikaweka za redio, ikawa vilevile. Nikaondoa kitambaa cha kufuma tulichokuwa tumefunikia kompyuta, nikidhani kinaziba lile jicho. Nikafunga mlango, kwa sababu mwalimu aliwahi kusema jua la jioni linalichanganya. Nikaelekeza rimoti kwenye kamera ya simu tuliyoachiwa na baba, nikaona kidoa cha zambarau kinawaka mbele yake kila nikibonyeza, kitu ambacho jicho la kawaida halioni. Rimoti ilikuwa nzima.

Siku ya tatu nilimpata mwalimu kwa simu. Kule shambani ilibidi apande kichuguu ili apate mtandao, na nilisikia upepo zaidi kuliko nilivyomsikia yeye.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Sema haraka, hapa juu kuna siafu."

Nikamweleza. Akaniambia nifungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akanitajia herufi tatu, i, r, w. "Sasa bonyeza rimoti mara moja. Imeandika mistari mingapi?"

"Miwili."

"Umebonyeza mara mbili wewe. Pupa hiyo."

"Mara moja, mwalimu. Naapa."

Akacheka peke yake. "Basi kosa ni langu. Humo ndani kulikuwa na programu inayosikiliza rimoti, nami nimeongeza nyingine bila kuizima ya zamani. Ni kama umemwita mtoto mmoja wakaitika wawili. Chukua kalamu."

Alinitajia amri moja ya kuinyamazisha ile ya pili, herufi moja moja, na nafasi zake, na neno la siri. Niliandika nyuma ya daftari la Hisabati: sudo service lirc stop. Alinitaka nisome, nikasoma, akasema sawasawa. Simu ikakatika.

Nilibaki nimesimama mbele ya kompyuta. Dirisha jeusi lilikuwa wazi, mstari wake unamemeta. Bibi aliuliza kutoka kitandani, "Amesemaje?"

Nikasema, "Amesema mpaka arudi."

Nimejaribu miaka yote kujitafutia sababu nzuri. Nje wasichana wenzangu walikuwa wanaitana kucheza rede, lakini siyo hiyo, amri ile ningeiandika na mchezo nikaukuta. Shule zilikuwa zimefungwa. Ningeshinda ndani, na ile filamu ingechezwa mchana kutwa, na bibi angenitazama. Basi. Nilifunga daftari nikatoka.

Bibi hakulalamika. Alijaribu siku kadhaa, hatua mbili kwenda, hatua mbili kurudi, kwa uvumilivu kama anachagua mawe kwenye mchele. Kisha akaiweka rimoti chini ya mto, akarudi kutazama mlango. Mara moja alisema, si kwa kunilaumu, "Mwalimu anakawia kuvuna." Nikasema ndiyo, bibi, mwaka huu mpunga umezaa sana.

Haikufika wiki mbili. Asubuhi moja nilipokwenda na maji ya kuoga, macho yake yalikuwa wazi na hayakunifuata. Majirani walimbeba, baba aliitwa kutoka ng'ambo, akafika hospitali na matope yake miguuni. Bibi alifariki siku ya pili.

Mwalimu alifika baada ya matanga. Alikaa na baba uani, akala wali mkavu uliobaki, akaingia ndani. Aliandika ile amri moja akabonyeza rimoti. Ikashuka hatua moja, ikatua pale pa pili.

"Uliandika nilivyokuambia?" akaniuliza.

"Niliandika. Ikagoma."

Aliisoma tena ile amri kwenye skrini. "Basi nilikutajia vibaya," alisema. "Ule upepo." Aliniachia rimoti mkononi akatoka nje, na mimi nikaitazama filamu ya mama kwa mara ya kwanza hadi mwisho wake.

Sasa kwa kuwa haipo tena, nikuambie ilivyokuwa. Baada ya pale pa ungo mama anaacha kujificha. Anainama kwenye chungu anakaanga mpunga mbichi, unasikika unapasuka. Anaumimina kwenye kinu, anachukua mchi, na anatokea bibi, amesimama kwa miguu yake miwili, naye ana mchi. Wanatwanga kinu kimoja, wanapokezana, hawagongani. Bibi ana mtoto mgongoni. Mama anaacha kutwanga, anachota pepeta ya moto kwa vidole, anaipuliza, anazunguka nyuma ya bibi, anamtia mtoto mdomoni. Mtoto anaitema. Wote wawili wanacheka mpaka bibi anashikilia kinu. Mama anamwambia mtoto, "Utakula tu, wewe ni wa huku." Hapo inakatika.

Mtoto yule ni mimi. Ndicho alichotaka nikione, na kila mara niliizima kabla.

Pepeta watu wengi siku hizi wananunua sokoni, imefungwa kwenye mifuko. Kinu cha bibi kilioza, pale pa pantoni pamejengwa daraja, watoto wa shule hawaachwi peke yao kama sisi tulivyoachwa, na nafikiri hilo ni jema. Rimoti nayo hakuna anayeitaka, kila mtu anatazama kwenye simu yake.

Jumapili iliyopita nilimpigia mwalimu. Amestaafu, amehamia kwao mbali. Nilitaka kujua kama alibakiza nakala. Akasema hana, alituwekea sisi tu, na kamera yenyewe ilikuwa ya kuazima. Akasema pole. Halafu akasema, "Ujue bado naifikiria ile rimoti. Ningepanda basi siku ileile nije mwenyewe. Nilikutajia herufi vibaya, mama wa watu akafa hajamwona mwanawe."

Sikujua kwamba aliubeba mzigo huo miaka yote.

"Mwalimu," nikamwambia, "hukukosea. Sikuandika."

"Hukuandika nini?"

"Ile amri. Nilikuwa nayo kwenye daftari. Nilimwambia bibi umesema mpaka urudi."

Kule kwake nilisikia sufuria, na mwanamke akiuliza nani huyo. Mwalimu alimjibu, "Mwanafunzi wangu." Kisha akaniuliza baba yuko wapi. Nikamwambia amevuka kwenda shamba, kuangalia kama kuna mpunga uliosimama.