Njia Niliyoifagia

Mimi sijui kukaa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, "Mama Hadija, siku ukikaa chini ndiyo tutajua umekufa." Kwa hiyo Machi ile ya mwaka tisini na nne, wapasua mbao walipomaliza kukata mikaratusi kwenye kiwanja changu nyuma ya nyumba, pale juu Kimisagara mlima unapoanzia, usingizi ulinipaa. Magogo waliyabeba. Matawi, magome na majani wakaniachia, yametapakaa kiwanja kizima kama nguo za mlevi. Nami nilitaka kupanda maharage kabla mvua haijaniacha. Nikafunika cherehani, nikachukua panga na reki, nikaanza kukusanya ili nichome.

Veneranda akanikuta na kiberiti mkononi. Alikuwa jirani yangu, ua kwa ua, mjane kama mimi. Mumewe alikamatwa vita vilipoanza mwaka tisini, akarudi kutoka gerezani anatema damu, hakumaliza mwezi. Binti yao, Agnes, alikuwa anasoma Bujumbura kwa shangazi yake. Veneranda mwenyewe aliishi kwa kuchemsha maharage na kuwauzia mafundi wa bondeni, na kila siku kilio chake kilikuwa kuni.

"Mawe, mama wee! Mama Hadija, wewe iko na roho gani? Unachoma kuni?"

"Hizi si kuni, ni takataka. Mbichi. Zitakutoa machozi mwezi mzima."

"Machozi ni yangu, sha, mwenzangu. Niachie miezi mitatu zikauke. Mchoyo wewe, sijapata kuona!"

Mchoyo lilikuwa jina langu kwake, tangu siku nilipomnyima limau moja la mti wangu nikisema halijaiva. Alinisalimia nalo hata mbele ya wateja. Nikafyonya, nikarudisha kiberiti mfukoni.

Tukapanga pamoja, siku mbili nzima, tukigombana. Yeye alijua kupanga kuni. Kwanza mawe, juu yake matawi mazito yakipishana ili upepo upite chini, kisha membamba, kisha majani yakilala upande mmoja ili maji ya mvua yateremke. Fungu likawa refu, limenifika kiunoni, na chini yake pana uwazi. Mimi nilitaka kusafisha na kiwanja kilichobaki. Akanikataza. Alisema majani yaliyooza ni mbolea, maharage yatanishukuru. Nikaacha, ingawa roho iliniwasha kila nikipita.

Ilikuwa Aprili ndege ya rais ilipoangushwa. Asubuhi yake barabara ya chini ilikuwa imefungwa kwa magogo, na wanaume tuliowajua walikuwa wameshika mapanga wakiuliza vitambulisho. Changu hakikuwa na neno walilolitafuta. Cha Veneranda kiliandikwa Mtutsi.

Akapita kwenye tundu la ua wetu, kitenge kimoja mabegani.

Hakuniomba kitu. Aliniangalia, akaliangalia fungu la matawi.

Akaingia.

Alikaa humo siku kumi na moja. Asubuhi, mvua ikipungua, nilitoka na ndoo ya maganda kama mtu anayekwenda kutupa taka. Chini ya maganda pana viazi, maharage, chupa ya maji. Siku ya tatu nilichuma malimau yote ya mti wangu, mabichi na mabivu, nikampelekea. Nikamsikia akicheka humo ndani, akicheka kweli, hadi nikamwambia anyamaze.

"Lakini Mama Hadija," akanong'ona siku nyingine, "kaa chini basi. Nasikia miguu yako kutwa. Unanitia wasiwasi."

"Siwezi."

"Najua."

Kweli sikuweza. Niliosha vyombo visivyo na uchafu. Nilifumua suruali ya mteja nikaishona tena, nikaifumua. Kila kelele bondeni niliikimbilia dirishani. Niliogopa, tena sana. Aliyemficha mtu alikufa naye, hilo walikuwa wakilitangaza wazi.

Kilichonisumbua kuliko yote ni matope. Siku ya pili niliona nyayo zangu mwenyewe, kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye fungu, kwenda na kurudi, na kwingineko kote hakuna hata unyayo mmoja. Nikachukua ufagio, nikarudi kinyumenyume nikizifuta. Tangu hapo kila asubuhi ndiyo ikawa kazi yangu: natupa taka, nafagia, naingia ndani. Wallahi nilijiona mjanja.

Siku ya kumi na moja walikuja watano. Aliyewaongoza alikuwa mwashi, mla maharage wa Veneranda kila mchana. Suruali yake ya harusi niliishona mimi.

Wakapekua nyumba. Chini ya kitanda. Ndani ya pipa.

Mwashi akafungua mlango wa jikoni, akasimama pale kizingitini. Hakuangalia fungu. Aliangalia chini.

"Mama Hadija," akasema taratibu, "nani anafagia shamba?"

Nikatazama. Kiwanja kizima kilikuwa vilevile walivyokiacha wapasua mbao, magome, majani, vijiti. Katikati palipita njia moja safi, upana wa ufagio wangu, kutoka mlangoni hadi kwenye matawi, kama mkeka uliotandikwa kumpokea mgeni.



"Tukusaidie kuchoma," mwashi akasema. "Leta kiberiti."

Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu. Sikukitoa.

Fungu likatikisika.

Veneranda akatoka kwa magoti, akasimama, majani kichwani. Hakuwatazama wao hata kidogo. Alinijia mimi, kidole mbele.

"Mchoyo mkubwa! Nimelala kwenye takataka yako tangu juzi, nakuita, nakuomba maji, unajifanya kiziwi! Njia ya kutupia taka unaifagia kila siku, jirani yako hata tone humpi! Mungu akulipe, wewe!"

Mwashi akacheka. "Uchoyo wa huyu mama tunaujua," akawaambia wenzake.

Wakampitisha kwenye tundu la ua. Wa mwisho aliniambia nimalize usafi wangu.

Haikuwa mbali. Nilisikia.

Sikufungua mdomo kumtetea. Ningesema neno moja, maneno yake yote yangekuwa bure, tungekufa wawili. Hivyo ndivyo ninavyojiambia, na siku nyingi naridhika. Siku nyingine najiuliza kama kweli nilifikiri hayo pale mlangoni, au niliogopa tu, na fikra zikaja baadaye.

Mwezi wa saba bunduki ziliponyamaza, Agnes akarudi. Tulimtafuta mama yake kwenye mtaro wa chini, tukamzika kwa jina lake, na watu wachache waliobaki wakaja kukaa nasi. Walihitaji kula. Agnes akauliza kuni ziko wapi.

Nikampeleka nyuma. Tangu siku ile sikuwa nimeligusa fungu. Tukaanza kulifumua, yeye upande huu, mimi upande ule. Matawi yalikuwa yamekauka barabara, yanalia mkononi yakivunjwa, kama mama yake alivyosema.

"Mama alisema nini mwisho?" akaniuliza, bila kuinua kichwa.

Nilikuwa nimejiandaa kumdanganya. Nikashindwa. Nikamwambia yote, pamoja na njia niliyoifagia. Akaendelea kubeba matawi mpaka tukafika chini, kwenye uwazi kati ya mawe. Udongo pale ulikuwa umeshindiliwa na mwili wa mtu. Pembeni yamepangwa maganda ya malimau, makavu, meusi, mengi.

Agnes akaokota moja. Akaugeukia mti wangu, mtupu, hauna tunda.

"Haya ni yako?"

"Ni yangu."

Akaligeuza ganda mkononi.

"Basi Mama aliongopa."

"Aliongopa," nikamwambia. "Na mimi nilinyamaza."

Nikakaa chini, pale pale, kwenye udongo.