Tumbili wa Dukani na Mbuzi wa Ayeyo

Nilipomaliza darasa la nane nilikwenda Garissa kukaa kwa kaka yake mama. Kwetu mjomba ni abti, na yeye pia huniita mimi abti, ndivyo tunavyoitana. Alikuwa na duka la nafaka karibu na soko la mifugo. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya mwarobaini mbele ya duka, ungo mapajani, nikichagua mawe kwenye maharagwe na mchele. Niliipenda kazi ile. Mtu anayechagua mchele haulizwi maswali mengi, na mimi nilikuwa msichana wa kuona haya hata wateja wengine wakadhani ni bubu.

Mwenzangu pale mbele ya duka alikuwa tumbili. Dereva mmoja wa lori alimnunua akiwa mdogo kwa watoto wa mashamba ya kando ya Tana, akachoka naye, akamwachia abti. Abti alimfunga kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo ya baraza. Alimpa ndizi, maji na kivuli, akaamini mnyama hakosi kitu. Wapita njia walisimama kumtazama, na wengine waliosimama walinunua sukari.

Lakini tumbili alikuwa akiyumba. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, tangu asubuhi hadi adhuhuri, kama mtoto wa chuo anayekariri Kurani, ila yeye hakuwa na ubao wala mwalimu. Akichoka kuyumba aling'oa manyoya ya mkono wake wa kushoto, kidogo kidogo, akiyatazama kabla ya kuyatupa. Mkono ukabaki mtupu, wa rangi ya majivu, wenye vidonda. Nilikuwa nikimtazama huku nachagua, na roho ilikuwa ikiniuma, lakini sikujua nimwambie nani, wala niseme nini.

Siku moja askari mmoja, mtu wa bara aliyezoea kununua sigara kwetu, alimnyooshea kidole kumtania. Tumbili akakidaka kidole akakiuma.

"Bole, afande, bole sana," abti alisema kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kisichojua p, akitafuta kitambaa.

"Pole yako haizuii damu, mzee. Ijumaa napita hapa. Nikimkuta bado ana wazimu huu, nampiga risasi."

Abti alicheka kidogo ili kumtuliza. Askari hakucheka.

Jioni nilijikaza nikamwuliza abti kwa nini tusimrudishe mtoni. Akasema tumbili aliyelelewa na watu, wenzake hawampokei, na mbwa wa mashambani watamrarua. Usingizini nilisikia risasi.

Mama yake abti, ambaye sote tulimwita ayeyo, yaani nyanya, aliishi nasi tangu ukame ulipomaliza ngamia wake upande wa Buna. Alibaki na mbuzi mmoja mweupe wa maziwa. Kila siku alikaa kwenye mkeka akisokota kamba za kufungia ngamia, ingawa ngamia hawakuwapo, na kamba zilijaa pembeni mwa chumba. Aliposikia habari ya askari alitoka, akaushika mkono wa tumbili, akaukagua kama mtu anayenunua mnyama sokoni.

"Upele," alisema. "Mnakaa na mnyama mwenye upele, halafu mnampa ndizi!"

Kwao ngamia akipoteza manyoya ni upele, na dawa yake ni oili chafu ya gari. Nikatumwa gereji na kopo. Tukampaka mkono wote ukang'aa. Tulisahau jambo moja: ngamia hawezi kujilamba kila mahali, tumbili anaweza. Kabla ya alasiri alikuwa ameshatapika, amejikunyata chini ya nguzo, macho yamefifia.

Nikaleta beseni na sabuni ya mche. Nilidhani ataniuma, lakini hakuwa na nguvu. Nilipokuwa nikimwosha aliingiza vidole chini ya mtandio wangu, akaanza kunipasua nywele taratibu, akitafuta. Hakupata kitu, lakini hakuacha kutafuta. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mama akinisuka.

Ayeyo alisimama akatazama muda mrefu, kamba mkononi.

"Huyu hana upele," alisema mwishowe. "Mikono yake haina kazi."

Asubuhi yake tumbili alikuwa ameamka na njaa. Nikafagia duka kama kawaida, lakini takataka za nafaka sikuzitupa. Nilizimwaga mchangani alipoweza kuzifikia: punje, makapi, fukusi, vumbi. Nikakaa na ungo wangu, yeye akakaa na mchanga wake. Alichagua. Alipata fukusi akamtazama, akamla. Alipata punje akaifuta kwenye paja. Hadi adhuhuri hakuyumba hata mara moja.

Harufu ya nafaka ikamleta mbuzi wa ayeyo. Tumbili akamkamata sikio. Niliruka nikidhani ni vita, nikamwona amechomoa kupe, amemtia mdomoni. Mbuzi akafumba macho, akageuza sikio la pili.

"Wallahi," ayeyo alisema, "hata mimi sijamtoa kupe vizuri hivyo."

Kisha akaingia chumbani akatoka na mzigo wa kamba zake. Abti alipanda mwarobaini akilalamika kuhusu magoti, akazifunga kamba kutoka tawi hadi nguzo, akatafuta na mnyororo mrefu zaidi, unaoteleza juu ya waya. Tumbili alipanda, akaning'inia kwa mkono mmoja, akatutazama sisi tulio chini.

Ijumaa wanaume walikuwa msikitini. Duka lilikuwa limefungwa nusu, tumebaki mimi na ayeyo, askari akaja na bunduki begani.

"Mwenye duka yuko wapi?"

Siku nyingine ningekimbilia ndani. Lakini ayeyo hakujua Kiswahili hata neno, na aliyekuwa pale ni mimi tu.

"Mwambie akae, kuna chai," ayeyo alisema kwa Kisomali.

"Anasema ukae, afande. Kuna chai." Sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

"Nimekuja na bunduki, ananiambia nikae?"

Lakini alikaa, juu ya gunia la mahindi. Tumbili alikuwa mgongoni mwa mbuzi, kichwa kimeinama, anafanya kazi.

"Huyo anafanya nini?"

"Anamtoa kupe," nikasema. Kisha nikamwambia kuhusu fukusi na mchanga, kuhusu kamba, kuhusu oili chafu na jinsi tulivyokosea, kuhusu mkono ule kwamba vidonda vimeanza kukauka na hajang'oa manyoya tena. Nikamwambia asimnyooshee kidole, kwa sababu yeye mwenyewe, afande, akifungwa kwenye nguzo na mtu amnyooshee kidole, atauma.

Askari alinitazama, akaangua kicheko.

"Unamwambia nini muda wote huu?" ayeyo aliuliza. "Mimi nimesema chai tu!"

Nikaona haya hadi masikioni. Askari alimaliza chai, akaweka glasi chini polepole ili asimshtue tumbili, akainua bunduki yake na kuondoka nayo. Ijumaa iliyofuata alipita tena, akakaa juu ya gunia lile lile bila kuambiwa.

Manyoya yalirudi, kwanza kama ukungu, kisha ya kijivu kama yale mengine. Mbuzi naye akawa hataki kwenda malishoni na wenzake mpaka ashughulikiwe masikio, na ayeyo akawa analalamika kwamba mnyama wake amekuwa bibi wa mjini. Kamba tumbili alizitafuna, hazikudumu. Kila ilipokatika moja, ayeyo alimtukana hadi ukoo wake, akavuta mkeka, akaanza kusokota nyingine.