Mdalasini wa Mjomba

Kunipeleka sekondari kuligharimu mti mmoja wa mdalasini, jogoo mmoja, mikungu sita ya ndizi na safari saba za kushuka Mkuyuni na kupanda tena. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilipata safari sita, kisha nikaikumbuka ile ambayo bibi alishuka peke yake kurudisha ndoo iliyovuja, nikaiongeza. Ndizi zililiwa, na jogoo hana wa kumdai. Kilichobaki ni mti. Huo nadaiwa mpaka leo.

Umenirudia akilini Jumamosi iliyopita, hapa Morogoro mjini, nilipokwenda sokoni kutafuta kiungo cha chai.

"Dada, mdalasini wa Zanzibar huu, orijino," muuzaji akaniambia.

Nikachukua kijiti kimoja, nikakinusa, nikakivunja. "Huu umetoka Mkuyuni."

"Umejuaje?"

"Na umebanduliwa wakati wa ukame. Tazama unavyomeguka. Nipunguzie."

"Wewe mwanafunzi au bwana shamba?"

"Mwanafunzi, mwaka wa mwisho. Kwa hiyo nipunguzie mara mbili."

Alinipunguzia mara moja, akanifungia kwenye kipande cha gazeti. Nikarudi chumbani kwangu, nikabandika maji. Hayajachemka, nami tayari niko kwa bibi, nina miaka kumi na mitatu, nimeshika kisu ambacho sikuruhusiwa kukishika.

Kwa bibi ni mlimani, juu ya Mkuyuni. Ni mwendo wa saa mbili ukiwa na mzigo kichwani, saa moja na nusu ukifukuzwa na mvua. Nililelewa huko kwa sababu mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa, upande wa pili wa mkoa, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Asubuhi tulikula magimbi ya kuchemsha na chai ya rangi. Jioni ilikuwa ugali wa muhogo na kisamvu, na siku bibi akijisikia tajiri, kisamvu kilitiwa nazi. Usiku tulisikia maji bondeni yakigonga mawe. Kila kitu kilikuwa mbali na kila kitu kilikuwa kizito: maji, kuni, ndizi, hata salamu, maana ukikutana na mtu mzima njiani unaweka mzigo chini kwanza ndipo umwamkie vizuri. Sikujua kama huo ni umaskini. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo, imeinama upande mmoja.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, nilikuwa nimechaguliwa kwenda shule ya serikali ya bweni. Mwalimu mkuu alitangaza kwa furaha kwamba ada hakuna. Kisha akageuza karatasi. Nyuma kulikuwa na orodha: godoro, tranka, shuka mbili, ndoo yenye mfuniko, jembe lenye mpini, rimu ya karatasi, na vingine mpaka kumi na vinne. Nikahesabu tena nikiwa njiani, bado kumi na vinne. Chini kabisa waliandika kwamba asiyeripoti ndani ya wiki mbili za mwanzo, nafasi yake atapewa mwingine.

Bibi alinisikiliza nikimsomea hadi mwisho. "Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo alivyopenda kunitania, "jogoo tunaye. Ndizi tunazo. Ila godoro halioti."

Lakini nyuma ya jiko letu kulikuwa na kitu kilichoota: mti wa mdalasini, mnene, mrefu kupita paa. Tatizo haukuwa wetu. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, ila mti ni wa aliyeupanda. Unaweza kuwa na mti wako katikati ya shamba la mtu mwingine, na mwenye shamba asiguse hata jani. Ule aliupanda mjomba, kaka yake mama, angali kijana. Baadaye akaoa akahamia kwa wakwe zake, chini Mkuyuni, kama wanavyofanya wanaume wengi wa kwetu, na mti akauacha kwa mama yake. Bibi alifagia chini yake miaka zaidi ya ishirini. Akitaka kijiti cha kutia kwenye chai, alituma mtu akaombe ruhusa.

Nikashuka kwa mjomba. Nilimkuta barazani anatengeneza mpini wa jembe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umetumwa au umejituma?"

"Nimejituma."

"Basi ni jambo kubwa. Kaa."

Nikamweleza orodha yote bila kuangalia karatasi. Akaendelea kuchonga.

"Ule mti naungojea mimi," akasema. "Nataka bati za chumba cha nyuma."

"Najua."

"Unajua, na bado umekuja?"

"Bati zinasubiri, mjomba. Shule imetoa wiki mbili."

Alicheka kwa pua. Kisha akauweka mpini chini. "Chukua. Ila sikupi bure. Utanirudishia mti. Sitaki hela, nataka mti."

"Wa ukubwa gani?"

"Ukubwa uleule."

"Hiyo ni miaka ishirini!"

"Nimekuambia nina haraka?"

Tukapeana mikono. Akanionya tusiuguse mpaka aje mwenyewe Jumamosi, kwa sababu vuli ilikuwa imegoma mwaka ule na mti mkavu hung'ang'ania gome lake. Ilibidi tusubiri hata manyunyu mawili matatu.

Sasa hapa ndipo akili yangu ya biashara iliponiponza. Njia nzima ya kupanda nilikuwa napiga hesabu. Anachotaka mnunuzi ni gome. Anachodai mjomba ni mti. Je, nikibandua gome na kuuacha mti umesimama palepale, si nitakuwa nimepata godoro na deni halipo? Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili nilijiona mjanja kuliko mkoa mzima.

Alhamisi bibi alipokwenda shamba, nikatoa kisu chake. Nikaanzia kwenye usawa wa magoti nikapanda mpaka mkono wangu ulipokoma, nikauzunguka mti wote. Gome halikubanduka kama nilivyokuwa nimeona likifanya masika, likitoka refu na kujikunja lenyewe kama mkeka. Lilimeguka. Nilipata chenga, zingine ndogo kama ukucha, nusu kiroba. Mti ukabaki uchi, umelowa kidogo, mweupe.

Bibi aliporudi alisimama mbele yake, kuni bado zikiwa kichwani.

"Nani amekufundisha hivi?"

"Bibi, mti bado upo. Sikuukata."

"Upo?" Akatua kuni. "Umeuvua ngozi mwili mzima halafu unasema upo? Chakula chake kinapita humo ulimobandua. Hapo unaona majani tu hayajapata habari."

Nililia mpaka nikachoka. Nilikuwa nimeua mti wa mjomba, sina gome la kuuza, na zilikuwa zimebaki siku tisa.

Jumamosi mjomba akaja na panga na msumeno. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, hata nilivaa gauni mbili. Yeye akauzunguka mti mara moja, akachuchumaa pale nilipoanzia, usawa wa magoti, akaligonga gome la chini ambalo sikuligusa. Akanitazama.

"Ulitaka kunidhulumu?"

"Nilitaka kupunguza deni."

"Ni kitu kilekile, mpwa wangu." Kisha akamgeukia bibi. "Mama, huyu mpelekeni shule haraka, kabla hajaanza kuuza nyumba."

Bibi alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Walicheka hadi bibi akakaa chini. Mimi niliendelea kulia, ila sasa kwa unafuu.

Mjomba aliukata chini kabisa, chini ya kidonda nilichouachia. Matawi ya juu, ambako mkono wangu haukufika, yalikuwa na gome lake lote. Siku mbili nzima tulikaa nyuma ya jiko watu watatu. Bibi alikwangua ngozi ya nje, mjomba alilifikicha gome kwa mpini wa panga, polepole, mpaka likalegea, na mimi nikalibandua kwa vidole, nimekatazwa kisu. Lilitoka kwa shida, lakini lilitoka. Tulilianika kwenye jamvi. Nyumba ilinukia hivi kwamba hata kisamvu kilikuwa na ladha ya sikukuu.

Halikutosha. Ndipo jogoo alipoondoka, na ile mikungu sita. Zile safari saba za Mkuyuni zilikuwa za kukimbizana na siku. Mnunuzi wa viungo alilikagua gome letu, akasema ni la ukame. Nikamwambia ndiyo, na mwanafunzi aliyesimama mbele yako ni wa ukame pia, tupime. Niliripoti shuleni siku moja kabla ya wiki mbili kuisha, vitu kumi na vinne kwenye mikono na kichwa, godoro likinukia mdalasini kwa sababu lililala juu ya jamvi lile. Usiku wa kwanza tu bweni zima likanibatiza Chai.

Zile chenga mnunuzi alizikataa. Bibi alizitia kwenye kopo akanifungia ndani ya tranka. "Umezitengeneza mwenyewe, uzile mwenyewe," alisema. Uji wa shule, kama hujawahi kuunywa, ni maji yaliyosimuliwa habari za unga. Wiki ya pili nilikuwa na wateja: chenga mbili kwenye kikombe cha uji, kwa kipande cha sabuni au zamu yangu ya kufagia. Kopo lile lilinivusha muhula mzima. Nilisoma nikiwa msafi, na sikufagia hata mara moja.

Niliporudi likizo ya Juni, masika yalikuwa yamepita. Sikutaka kwenda nyuma ya jiko. Bibi akanituma makusudi nikachukue kinu. Kisiki kilikuwa kimezungukwa na machipukizi mekundu, laini, yananing'inia kama yametoka kuoga. Nikahesabu kumi na moja. Nikahesabu tena, kumi na matatu. Nilishuka mbio mpaka kwa mjomba bila hata kunywa maji.

"Nimelipa!" nikamwambia, sijaamkia. "Ulinidai mti mmoja, imeota kumi na mitatu. Unanirudishia chenji."

"Shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mizizi hiyo ni ya nani?"

"Yako."

"Basi umenilipa kwa mali yangu. Mti wangu uko palepale."

Miaka minne baadaye ndipo bibi aliponiambia kwamba chumba cha nyuma cha mjomba kilivuja masika matatu mfululizo, na kwamba mkewe aliweka sufuria kitandani miguuni. Bati alizipata kutoka kwenye machipukizi, yalipokuwa mashina ya kukata. Hakuwahi kulitaja kwangu. Kila likizo aliniuliza jambo lilelile: masomo vipi, na mti wangu uko wapi.

Mengi hayapo tena. Ile njia tuliyopanda kwa miguu sasa bodaboda zinaimudu mpaka karibu na mlango wa bibi, na watoto wanaamkia wakiwa juu ya pikipiki inayotembea, nusu ya salamu inabaki kwenye kona. Bibi hakwangui tena, vidole vimekataa. Anakaa kwenye kigoda na kuwasimamia wengine kwa ukali ambao mimi sikuwahi kuupata. Mama aliacha miwa, yuko naye. Kisiki bado kinachipua. Kila kikikatwa kinarudi na fujo zaidi.

Na mimi bado nadaiwa. Tangu nianze chuo nimempelekea mjomba miche ya mdalasini, kila nikienda. Wa kwanza alisema umepinda. Wa pili, mfupi. Wa tatu alisema majani yake yana kiburi. Kila mche anaukataa mbele ya mashahidi, kisha nikigeuka anaupanda kwa bibi. Mwezi uliopita nilipita nyuma ya jiko la bibi nikahesabu: nane. Nikarudia: tisa, mmoja ulikuwa umejificha nyuma ya mgomba. Imesimama kwenye mstari ulionyooka, imewekewa samadi, na hakuna hata mmoja unaohesabiwa kuwa umelipwa.

Jana amenipigia. "Nasikia unamaliza chuo. Mti wangu uko wapi?"

"Mjomba, umeipanda tisa!"

"Hiyo ni miche. Mimi nilikupa mti. Masika njoo na panga, tuna kazi ya kubandua. Na uache hesabu zako huko mjini."

Basi nakuuliza wewe, uliyenisikiliza mpaka hapa na pengine umewahi kudaiwa na mtu anayekataa kulipwa. Nimpelekee mche wa kumi, au niache kulipa, niwe naenda tu kila masika nikiwa nadaiwa? Nishauri kabla mvua hazijaanza. Ujira upo: vijiti vinne vya mdalasini wa mvua, virefu, vilivyojikunja vyenyewe. Ukinibembeleza, vitano.