Nauli ya Nusu Kichwa

Mjomba wangu ni kinyozi. Kibanda chake kina kiti kimoja, kioo chenye ufa unaompa kila mteja kovu la bure shavuni, na benchi la watu ambao wengi hawajaja kunyolewa, wamekuja kubishana mpira.

Mwaka jana binti yake, ambaye mimi namwita dada, aliyekuwa anasomea uuguzi nchi jirani, alipiga simu. Anahitimu Jumamosi, saa tano asubuhi, na kila mhitimu atavalishwa beji na mzazi wake. Mama yake alishafariki, kwa hiyo mzazi wa kumvalisha ni mmoja tu.

Pasipoti ilikomba akiba yote ya mjomba. Kilichobaki kilitosha kumfikisha mpakani, basi.

"Kaka," mama yangu alimwambia, "unakwenda nje ya nchi kwa nauli ya kuishia njiani?"

"Mbele ya mpaka hakuna watu?"

"Wapo."

"Hawana nywele?"

Mjomba akafungasha suti, mayai ya kuchemsha, mkasi na mashine yake ya kuchaji, akaondoka.

Ijumaa jioni alifika mpakani. Alimnyoa mwenye nyumba ya wageni, akapewa kochi la mapokezi alale. Asubuhi akamchonga ndevu mpishi wa mgahawa, akanywa chai na maandazi mawili. Hapo ikabaki safari yenyewe: basi la saa kumi na mbili, ambalo dereva wake aliitwa Kichaka na wenzake. Nywele zake zilikuwa zimefika mahali ambapo kofia haikai, inaelea.

"Ninyoe kichwa na ndevu, mzee wangu," Kichaka alimwambia. "Leo jioni nikirudi nakwenda ukweni. Kiti cha nyuma kabisa ni chako."

Mjomba akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza upande wa kulia, kichwa mpaka kidevu. Alipoumaliza tu, kondakta akaja mbio. "Bosi, abiria wa mwisho kapatikana! Ana hela mkononi!"

Kichaka akakohoa kidogo. "Mzee wangu, samahani. Gari limejaa. Nikulipe hela ya kunyoa, upande basi la kesho."

Kesho ilikuwa Jumapili. Mjomba akazima mashine. Akaipuliza, akaifuta, akaifunga kwenye taulo taratibu.

"Sawa, mwanangu. Na mimi nimefunga."

Kichaka akajipapasa. Kulia sahani, kushoto msitu. Akavuka barabara mbio hadi kwa kinyozi wa kule.

"Nani kaanza?" kinyozi akauliza.

"Yule mzee pale."

"Basi yule yule ndiye anayemaliza."

Vinyozi wana sheria yao: kichwa alichokianza mwenzako hukigusi mpaka akuruhusu. Kibanda cha pili, jibu lile lile. Cha tatu walimjibu hivyo hivyo, kisha wakawaita majirani waje kutazama.

Kichaka akarudi mdogo kama kidonge. "Panda, mzee."

"Kiti cha nyuma?"

"Cha mbele, karibu yangu." Yule abiria mwenye hela akapewa kiti cha kondakta, na kondakta akasimama njia nzima. "Sasa malizia."

"Ukishanifikisha."

Kwenye kukagua pasipoti, ofisa uhamiaji akamwamuru Kichaka avue kofia ya sufi aliyoivaa kuficha kichwa. Akaitazama picha. Akakitazama kichwa. Akaigeuza pasipoti juu chini, kisha akauliza, "Niandike ameingia mmoja au wawili?"

Basi zima likaangua kicheko. Mjomba peke yake ndiye aliyejikaza. Anasema alikuwa anafikiria saa.

Tairi likapasuka njiani. Wakafika stendi zimebaki dakika tano kuwa saa tano, na chuo kiko ng'ambo ya barabara.

"Malizia sasa!" Kichaka akadai.

"Nifuate!"

Wakakimbia, mmoja kwenye suti, mwingine na kofia ya sufi kwenye jua kali, na wakaingia ukumbini jina la dada likitajwa mara ya pili. Mjomba alipanda jukwaani akihema. Dada anasema beji ilikaa upande, na ilikuwa na vinywele.

"Familia isogee!" mpiga picha akaita, akamsukuma Kichaka katikati yao. Picha hiyo iko sebuleni kwetu. Kila mgeni huuliza swali lile lile ambalo dada aliuliza siku ile, machozi hayajamkauka:

"Baba, huyu nani?"

"Nauli yangu."

Baadaye, nyuma ya ukumbi, mjomba akamkalisha Kichaka kwenye kiti cha plastiki, wauguzi wapya wamewazunguka, akamaliza kichwa. Kikang'aa. Kichaka akakipapasa kwa furaha, mkono ukateremka mpaka kidevuni, ukasimama. Kulia laini. Kushoto bado msitu.

"Mzee! Na ndevu?"

Mjomba alikuwa ameshaifunga mashine kwenye taulo.

"Kwani mwanangu, tunarudi saa ngapi?"