Miguu ya Rylan Zapalac

Jumamosi ile asubuhi, kwenye mkahawa wa mji mdogo wa Corley, Texas, hukumu ilikuwa imeshatolewa: Rylan Zapalac hana kipaji. Jana yake alikuwa amerusha pasi nne zikaishia mikononi mwa wapinzani, na timu ya shule ikafungwa kwa mara ya tano mfululizo. Katika futiboli ya kule, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, kwotabeki ndiye mrushaji na ndiye anayeamua mpira uende kwa nani. Akiboronga yeye, wenzake kumi wanahangaika bure.

"Dogo mwili anao, kichwa hana," alisema Odell, kinyozi wa mji, akimimina asali juu ya chapati zake za maji.

"Usimwonee," mhudumu akamkatiza. "Makocha ndio wanaomharibu. Leland, si wewe unayemfundisha kurusha? Hebu tuambie."

Leland Krebs alikuwa na miaka sitini na mmoja. Asubuhi alifundisha kuchomelea vyuma pale shuleni, na jioni, kwa miaka ishirini na miwili, alifundisha warushaji.

"Sijui," alisema.

"Kocha hajui!" Odell akaangua kicheko. "Sasa mnashangaa nini tukifungwa?"

Kicheko kile kilimchoma. Hakwenda kuvua samaki kama alivyopanga. Alipitia shuleni, akachukua rekodi zote za video za mechi za Rylan tangu ana miaka kumi na mitatu, akajifungia nazo sebuleni. Mkewe, Nadine, alimletea mkate na nyama, akakuta cha mchana hakijaguswa.

Katika zile rekodi za mwanzo mtoto alionekana kurusha vibaya, miguu ikirukaruka kama anakanyaga makaa, lakini mpira ulifika, tena upesi. Halafu Leland akajiona mwenyewe, pembeni mwa uwanja, akimwonyesha atulize mguu wa nyuma na apige hatua ndefu, kama alivyofundishwa yeye enzi zake. Mwaka uliofuata kocha mkuu wa wakati huo akataka mpira ushikwe juu zaidi. Kisha akaja Burl Hatcher, kocha mkuu wa sasa, naye akaamuru kijana ahesabu hadi tatu kabla ya kurusha. Kila mmoja aliongeza lake, hakuna aliyeondoa la mwenzake. Sasa Rylan alisimama katikati ya uwanja akikumbuka masomo yote kwa mpigo, na wakati huo wapinzani walikuwa wameshamfikia.

Leland aliona na jambo jingine, ambalo hakupenda kuliona. Hata utotoni, pasi za mbali zilidondoka kabla ya kufika.

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" Nadine aliuliza.

"Letu kwanza. Lakini na mkono wake si wa ajabu."

"Na hilo utamwambia?"

"Nitamwambia yote mawili."

Jumatatu alimkuta Hatcher ameshaandika jina la kwotabeki mwingine kwenye ubao.

"Nipe Ijumaa moja, Burl. Tupange pasi fupi tu, na miguu ya Rylan mniachie mimi."

"Moja," Hatcher akasema. "Sitaongeza."

Rylan alimsikiliza Leland karakanani, ameinamisha kichwa.

"Nilikuharibia miguu, mwanangu. Nilikuta kitu kizima nikakitengeneza."

"Kwa hiyo si mimi, kocha?"

"Na wewe pia. Pasi ya mbali hutaiweza kamwe, sikudanganyi. Ila ya karibu unaiweza kuliko wote niliowafundisha."

Kijana aliinua kichwa. "Tunaanza lini?"

Walianza kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, majani yakiwa meupe kwa jalidi. Leland hakumwonyesha kitu. Alisema tu "rusha," mara mia, mara mia mbili, na kila mguu wa nyuma ulipojibana chini alipiga filimbi. Siku ya tatu miguu ikaanza kurukaruka kama utotoni.

Ijumaa, pasi ya kwanza kabisa ikadakwa na wapinzani. Jukwaa likazomea, sauti ya Odell ikizidi zote. Hatcher akamwita kwotabeki wa akiba. Leland akasimama mbele yake.

"Ulinipa Ijumaa, Burl. Hukunipa pasi moja."

Hatcher alimkodolea macho, kisha akageukia uwanja. Rylan akarudi. Alirusha pasi nyingine ishirini na tatu, na kumi na tisa zikafika. Walifungwa kwa pointi tatu, lakini watu waliondoka wakibishana badala ya kucheka. Hatcher hakumtoa tena, na katika mechi tatu zilizobaki walishinda mbili.

Hakuna chuo kilichomtaka Rylan akacheze. Alikwenda kusomea ufundi wa nyaya za umeme, na leo anapanda nguzo katika wilaya ya jirani.

Jumamosi moja baada ya msimu ule kwisha, Odell alimuuliza Leland swali lile la mkahawani, safari hii bila kejeli: ilikuwa kipaji au makocha?

"Mkono ulikuwa wake," Leland alijibu. "Yale mengine tulimbebesha sisi, na mimi nilikuwa wa kwanza."

Kila Agosti, warushaji wapya wanapofika, Leland hukaa wiki tatu nzima kwenye benchi akiwatazama. Hatcher humsonga aanze kufundisha. Leland humwambia bado hajajua wanachokiweza, na haondoki pale benchi.