Mfupa wa Da-hye

Pyo Geum-ran alikuwa na mambo mawili ya kujivunia, na hakuficha hata moja. La kwanza ni pombe ya mchele aliyoipika kila mwaka kwa ajili ya tambiko la marehemu baba yake. Ukiionja ukanyamaza, atakukodolea macho mpaka umsifie. La pili ni mifupa. Kwenye maabara moja mjini Daejeon, alizilea seli shina za binadamu mpaka zikageuka mfupa hasa, vipande vidogo kama punje za wali, na alivitaja kama mama anayetaja wanawe waliofaulu shule. Siku mambo hayo mawili yalipokutana, alilia.

Wakati huo alikuwa akilea seli za Ok Da-hye, binti mwenye mifupa myepesi kuvunjika tangu kuzaliwa. Akikohoa vibaya, ubavu unavunjika. Alipopasuliwa mguu alikubali uboho kidogo, ute wa ndani ya mfupa, uchukuliwe, ili dawa zijaribiwe kwenye mfupa wa maabara badala ya mwilini mwake. Zilipatikana chupa mbili tu za seli. Moja ilikuwa inakua, ya pili iko kwenye barafu.

Kisha ikaja mashine mpya, ya kuzibinya seli na kuziachia, mfano wa mtu anayetembea, maana mfupa usiobebeshwa mzigo haukomai. Na mashine ya bei ile haiwashwi hivihivi. Kwa desturi ya huko, kwanza ilitakiwa sadaka ya kuiombea heri: kichwa cha nguruwe, keki za mchele na pombe.

"Mimi mwenyewe siamini haya mambo," alisema Profesa Tak, mkuu wa maabara, huku akivua viatu ili asujudu. "Lakini ikiharibika kesho, mtanilaumu nani?"

Pombe ilikuwa ya Geum-ran, kaikamua alfajiri ileile. Sherehe ilifanyika nje koridoni, kwa adabu zote. Watu walikunywa, wakasifu, naye akavimba kichwa. Halafu akanawa mikono, akavaa koti la maabara na glavu, akaenda kuzilisha seli. Sweta aliyoivaa akikamua pombe ilikuwa bado mwilini, chini ya koti.

Siku chache baadaye maji ya seli yalikuwa machafu kama ya kuoshea mchele. Chini ya hadubini, hamira, ileile inayochachusha pombe, ilikuwa inachipua kwa raha zake. Chupa yote ikamwagwa.

"Nani katuletea hamira humu?" aliuliza Profesa Tak.

"Mimi, Profesa. Ni ya nyumbani kwangu."

"Umeijua kwa sura?"

"Nani mwingine hapa alikamua pombe asubuhi ile?"

Hakuna aliyecheka. Profesa alitaka chupa iliyobaki apewe mtu mwingine. Geum-ran, macho yamemwiva, akakataa katakata. "Nipe mimi. Sigusi pombe mpaka mfupa huu ukomae."

Tambiko lilikuwa mwezi uliofuata. Mama yake alipopata habari, simu ilikaribia kupasuka.

"Baba yako anywe ya dukani? Ya chupa ya plastiki?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya mfupa wa mtu baki! Mfupa gani huo, paja?"

"Hapana. Ni kama punje ya wali."

"Ndiyo mbaya zaidi! Atakuja usingizini akukabe."

"Aje tu, mama. Nitamwonyesha."

Alisema hivyo kwa kiburi, lakini siku alipoimimina ile ya dukani mbele ya picha ya baba yake, iliuma, na hakuweza kumtazama usoni. Kesho yake alioga, akabadilisha nguo mpaka soksi, akarudi kazini. Seli zikashikana. Mashine ikazibinya, chokaa ya mfupa ikaanza kuonekana kwenye picha za eksirei, nyeupe pepe.

Kilichobaki ni kuujaribu huo mfupa. Kama umekua sawasawa, utavunjika upesi, kama Da-hye mwenyewe anavyovunjika. Ukistahimili kama wa mtu mzima wa afya, basi si wake, na hauna faida kwa dawa yake. Da-hye alialikwa, akaja na magongo yake, akakaa nyuma yao.

Walianza na mfupa uliolelewa kwa seli za mtu mwenye afya. Ulibinywa, ukabinywa, ukavumilia. Wakaweka wa Da-hye. Hata kabla mkandamizo haujafika nusu ya ule wa kwanza, mstari kwenye kioo cha kompyuta ukaanguka ghafla.

"Umevunjika!" Geum-ran alipiga kelele, mikono juu. "Umevunjika, Profesa! Ni wenyewe!"

Ndipo akakumbuka nani yuko nyuma yake. Akaziba mdomo. Profesa Tak akajifanya anatafuta kalamu.

Da-hye aliinuka taratibu kwa magongo yake, akasogea, akainama juu ya kile kipande kilichopasuka. Alikitazama sana.

"Samahani, mwanangu," Geum-ran alinong'ona. "Nimefurahi vibaya."

"Mama, nimevunjika mara nyingi mno, hata sihesabu. Leo ndiyo mara ya kwanza nimevunjika na hakuna panaponiuma." Akageuza uso, anacheka, machozi yanamtoka. "Ipo mingine?"

"Ipo. Kabati zima."

"Basi vunjeni."